Msitu Uliofagiwa

Gari la duka lilikuwa linasogea tayari kando ya Kingsbury Road, mlango mmoja wazi, pale Msabaha alipojitupa ndani na mkoba wake magotini.

"Mkoba wa nini?" akauliza Bhanu, macho barabarani. "Tunakwenda mkutanoni, mzee, hatwendi Hija."

"Endesha."

"Au shemegi yako Damyanti kakufungia bajia?"

"Endesha, Bhanu."

Mkobani mlikuwa na suruali mbili, msuli, sweta, wembe na pasipoti. Msabaha alikuwa kahama Aden, kahama Cardiff, kahama Hamburg, na kote huko alifungasha kwanza ndipo akagombana. Leo alijua kwamba akifungua mdomo mkutanoni, kile chumba cha juu ya duka la Bhanu si chake tena. Alijua pia kwamba asipoufungua, ile mialoni thelathini na mmoja, miti mikubwa ya nyuma ya nyumba, itakatwa.

Gari lilinuka. Miaka kumi ya magunia mabichi ilikuwa imeingia mpaka kwenye viti. Msabaha akashusha kioo.

"Funga, baridi!"

"Panavunda humu."

"Udongo tu huo. Udongo mzuri."

Kwenye kiti cha nyuma, Geeta, binti yake Bhanu, alicheka kidogo. Alizaliwa London mwaka mmoja baada ya Mapinduzi kuwatoa wazee wake Zanzibar. Kiswahili alikielewa chote, ila alikuwa akijibu kwa Kiingereza. Alikuwa anasomea mambo ya udongo chuoni, na mapajani alishika karatasi zake na kopo moja kubwa la nyanya lililokatwa pande zote mbili.

Msabaha alikuwa mtu wa Pemba, wa mashamba ya mikarafuu karibu na Wete, na huko alifunzwa mapema kwamba chini ya mti pawe peupe. Msimu wa kuchuma ukikaribia watu hupalilia na kufagia, karafuu moja ikidondoka ionekane. Shamba lenye majani yaliyooza chini ni shamba la mvivu. Basi alipofika London mwaka 1973, amechoka na meli, na Bhanu, mtoto wa mwenye duka wa Wete, akampa chumba bila masharti, kitu cha kwanza kilichomchukiza Uingereza hii kilikuwa ule msitu mdogo nyuma ya nyumba. Mialoni ya karne tatu, na chini yake majani hadi kwenye vifundo vya miguu, meusi, yamelowa, yanatoa uyoga.

"Watu wazima hawa," alimwambia Bhanu siku ile, "wanakaa na uchafu kama huu?"

Akachukua reki na ufagio, akafagia. Hakutumwa na mtu. Ilikuwa shukrani yake. Wazungu waliopita na mbwa wao walimsifu kwa usafi.

Bhanu akaja akalikuta lundo. Akatia mkono ndani, akanusa. Akina mama wa mtaa wote walikuwa wanalia na udongo wa mfinyanzi wa bustani zao, methi, ile mboga ya uwatu, haitoki, mamumunye yanadumaa. Wiki ya pili magunia yalikuwa yamepangwa mbele ya duka. Na kila mwaka, majani yakianza kupukutika, ilikuwa hivyo. Mwanzo Msabaha alizoa majani. Yalipopungua akazoa ile tabaka nyeusi chini yake, pamoja na nyungunyungu zake na nyuzi nyeupe za uyoga. Mwisho akaingia na beleshi.

Mwaka wa tatu yale maua ya rangi ya nili yaliyokuwa yakijaa chini kila Aprili hayakutoka. Mwaka wa sita mvua ikawa inasimama juu badala ya kuzama. Viatu, mbwa na baiskeli viliikandamiza ardhi ile tupu mpaka ikawa sakafu. Ikilowa, inateleza utelezi wa kijivu unaonuka mtaro. Mizizi ikatoka nje. Vilele vya mialoni vikaanza kukauka. Msabaha aliyaona yote hayo, akaendelea kuzoa, kwa sababu kila jioni Damyanti, mke wa Bhanu, alimwekea sahani yake mezani, na mtu hamkatai anayemlisha.

Mwezi uliopita Geeta alimwomba amsindikize msituni, yeye anaogopa mbwa. Alilipigilia kopo ardhini kwa nyundo, akalijaza maji, akamwambia Msabaha atazame saa. Nusu saa, maji yako vile vile, na mbu mmoja anaelea juu. Wakaenda kwenye kona ya miiba, pale ambapo ufagio haukuwahi kufika. Dakika moja na nusu, kopo tupu. Geeta akampa konzi ya udongo wa huko anuse. Ulikuwa laini, una harufu ya mvua. Kisha akampa wa kwenye njia yake ya kufagia. Msabaha alitema mate mara tatu na ile harufu haikumtoka.

"Majani yamekwenda wapi, Mjomba?" Geeta aliuliza kwa Kiingereza. "Hata kuoza hayajaoza. Hayapo tu."

"Sijui," alisema Msabaha.

Ulikuwa uwongo, na alijua.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa umejaa. Wakala wa mwenye msitu, bwana mmoja wa tai ya kijani, alisema miti ni migonjwa yote, ikatwe, na mahali pake pajengwe magereji. Geeta alisimama akasoma: miti haina ugonjwa, udongo ndio uliovuliwa nguo, ukizungushiwa ua, majani yakaachwa yalale, miti mingi itapona.

Wakala akatabasamu. "Binti, mti mgonjwa hautoi majani. Ndiyo maana chini ni kutupu. Au kuna aliyeyaona majani hayo yakienda?"

Watu wakaguna kukubali. Geeta akatazama karatasi zake. Akaanza kuzipekua upya, ukurasa baada ya ukurasa.

Msabaha akasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha melini, cha kamba na matusi.

"Geeta, mwanangu, nifasirie."

"Kaa chini," Bhanu akamvuta sweta. "Una homa wewe."

"Niache. Waambie majani yalikuwepo, tele. Niliyazoa mimi. Miaka kumi. Nilidhani nasafisha, kumbe nachuna ngozi. Na nilipojua, sikuacha."

Geeta akafasiri, sauti ndogo.

"Waambie nilitia magunia. Na magunia aliyauza baba yako."

Geeta akaziweka karatasi zake kitini.

"Waambie mzee kachanganyikiwa," Bhanu akasema kwa Kiswahili. "Geeta. Mimi baba yako."

Binti alimtazama baba yake, akalitazama kopo. Kisha akafasiri neno kwa neno, na hapo sauti yake ilifika mpaka mlangoni.

Watu wakaanza kusonya. Mohinder, mwalimu aliyetoka Nairobi, aliyekaa safu ya mbele, akajifunika pua kwa mtandio kana kwamba Msabaha ananuka. Msabaha akamgeukia.

"Usizibe pua, mama," akasema. "Magunia sita ulichukua mwaka jana. Msitu uko nyuma ya nyumba yako, umeupandia giligilani. Mko nao nyote."

Hilo halikuhitaji kufasiriwa. Mohinder alishusha mtandio. Wakala akakunja karatasi zake, akasema shauri litaahirishwa.

Bhanu hakusubiri. Aliondoka na gari peke yake. Msabaha akaokota mkoba wake chini ya kiti cha ukumbini, akaenda kituo cha basi.

Magereji hayakujengwa, msitu ukazungushiwa ua. Mialoni kumi na miwili ilikuwa imekwisha kufa, ikakatwa. Mmoja uling'olewa na dhoruba ya 1987, mizizi haikuwa na pa kushika. Kumi na minane ipo, ndani ya ua. Bhanu alifunga duka akahamia Leicester kwa kaka yake. Damyanti alikwenda naye. Geeta alikaa miaka minne bila kuzungumza na baba yake, halafu wakazungumza. Mohinder aliurudisha udongo wake kwa toroli, wengine hawakurudisha. Mwaka 1990 Geeta alipima tena, maji yakazama kwa dakika kumi na tisa. Msabaha alipata chumba Thamesmead kwa Mkenya mmoja anayeitwa Elkana, na huko alifariki mwaka 1991.