Vidonge vya Kunona

Duncan alipoanza kujaa mashavu, mkewe Kasyoka alimshukuru Mungu kwanza, daktari baadaye. Huu ulikuwa mwaka wa pili wa saratani ya damu, na mwanamume alikuwa amekonda hadi majirani zao wa mtaa wa Kongo, Kawangware, wakaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa mwingine kabisa. Midomo ya Kawangware haina likizo.

Tumaini lililobaki lilikuwa majaribio ya tiba mpya hospitalini. Daktari Nyawira aliwaeleza taratibu. Wangemtilia Duncan chembe za kinga zilizotoka katika damu ya mtu asiyemjua. Chembe za kinga za kawaida, zikitoka kwa mgeni, zingeweza kumgeukia mwenye mwili na kumshambulia. Hizi ni za aina ya pekee, chache katika damu ya kila mtu. Zinaingia bila kugombana na mwenyeji, zinasaka saratani. Ila kuna dawa zinazoziua upesi.

"Asimeze kitu bila mimi kujua," alisema. "Hata ya kikohozi."

Waliitikia wote, na aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi ni mama yake Duncan. Walimwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyowaita mama zao, naye alikuwa akitoka Kibera kila siku na chupa ya uji.

Asubuhi ya kutiwa chembe, Kasyoka alipekua kikapu cha Mwaitu akitafuta kikombe. Akakuta vidonge vimefungwa kwa kipande cha gazeti. Alivijua mara moja. Wasichana huvinunua kwenye duka la dawa bila kuulizwa swali, wanone wapate shepu kabla ya harusi. Akamvuta mama mkwe hadi nje, kwenye korido.

"Mwaitu, umekuwa ukimpa hizi?"

"Nasaga naweka kwa uji. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumuona. Ningewaonyesha mifupa?"

"Si daktari alikataza dawa!"

"Dawa gani? Hiyo si dawa, Kasyoka. Hiyo ni ya kunona tu." Kisha akauona uso wa mkaza mwanawe, akashusha sauti. "Ukisema, watamtoa. Umeona vile watu wamepanga laini? Nyamaza, mwanangu. Mungu anajua."

Kasyoka alimchukia mwanamke yule kwa muda mfupi, chuki ya kweli. Lakini alijichukia zaidi, kwa sababu naye alitaka kunyamaza. Angenyamaza, labda ingekuwa bahati. Labda chembe zingekuwa kaidi. Na hata angesema, mke gani humwaibisha mama mkwe wake mbele ya watu?

Waliporudi ndani, muuguzi alikuwa amefika na sanduku la barafu. Duncan alitabasamu kwa yale mashavu yake.

"Leo ndio leo, Mama Ian," alimwambia mkewe.

Kasyoka hakuweza kuyatazama mashavu yale.

"Daktari," alisema, "nimekuwa nikimpa vidonge vya kunona. Kwa uji."

Daktari Nyawira alivipokea, akavitazama, akamfanyia muuguzi ishara afunge sanduku. Hakugomba, na hilo liliuma zaidi. Alisema dawa iliyo ndani ya vidonge vile ingeziua chembe hata kabla hazijaanza kazi. Duncan asingeweza kuiacha ghafla pia. Angepunguziwa polepole, apimwe upya, halafu arudi kwenye foleni, kama ugonjwa ungewangoja. Sanduku likasukumwa kwenda wodi ya pili, kwa mgonjwa aliyefuata.

"Wewe, Kasyoka?" Duncan aliuliza. "Wewe?"

Kasyoka alimtazama Mwaitu, akangoja. Ilitosha mama yule aseme neno moja tu. Mwaitu alikuwa ameinama, akikunjakunja leso yake.

Duncan akageuka upande wa ukuta.

"Mwaitu, kuanzia leo nisipewe kitu na huyu. Chakula changu utaleta wewe."

Mwaitu akaichukua chupa yake ya uji.

"Sawa, mwanangu," akasema.