Kielelezo Namba Tatu

Saa mbili asubuhi Dafroza alifungua ofisi ya baraza la kata, akapiga deki, akachemsha chai, kisha akainamia boksi la mbao pembeni ya meza ya mwenyekiti kumtazama kobe. Kobe alikuwa mzima. Juu yake visubi vilielea kama moshi mwembamba.

Kobe huyo alikuwa kielelezo namba tatu. Wajumbe walikwenda kukagua shamba la Bibi Scholastica, bondeni upande wa Wanging'ombe, na kwa kuwa mpaka haubebeki, wakambeba kobe aliyeishi mpakani pamoja na toroli moja la udongo wake. Baridi ya Makambako haimfai kobe wa bondeni, kwa hiyo akawekwa ndani, chini ya balbu. Shamba lenyewe lilichukuliwa na Lukas, diwani wa zamani, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, miaka sita iliyopita. Scholastica alikuwa katikati ya shamba, anapalilia. Wapo waliosahau.

Mwenyekiti Elius aliingia, akachungulia kikombe chake.

"Dafroza, wadudu wako wamekunywa chai yangu."

"Si wangu, mwenyekiti. Ni wa kielelezo."

"Nakupa wiki tatu. Siku ya kusikiliza shauri nikiwakuta, kielelezo kinatupwa nje na shauri linafutwa."

Akamwachia kopo la dawa ya kupulizia. Dafroza alilifungia kabatini, maana kobe hula anachokikuta chini, na kobe aliyekufa hashuhudii.

Visubi huzaliana kwenye udongo mbichi; ukikauka, vinakwisha. Udongo huu haukukauka. Kila mvua iliponyesha kule shambani, ilinyesha pia ndani ya boksi, kuanzia kimo cha dirisha kushuka chini, hata siku ambazo nje Makambako jua liliwaka na upepo ukapeperusha vumbi. Dafroza alipiga simu kuhakikisha.

"Kamwene, bibi. Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha, mwanangu. Nimesimama nje ya uzio, nalowa."

Basi hakushindana na mvua. Aliipa njia. Alitoboa kitako cha boksi kwa msumari wa moto, akatandika kokoto, akarudisha udongo, akatega beseni chini. Alikaanga mchanga wa mto kwenye sufuria kuukuu, ukapoa, akautandaza juu unene wa vidole viwili ili visubi vikose pa kutagia. Majani ya maboga alimwekea kobe juu ya kigae, na yaliyobaki akayaondoa kabla hayajaoza. Dumu la njano alilikata vipande, akavipaka mafuta ya kula, akavining'iniza. Visubi hupenda rangi hiyo, vikitua vinanasa. Darasa la saba hakumaliza. Wajumbe watano, wawili kati yao wenye shahada, walimtazama huku wakinywa chai.

Wiki ya tatu ilipokwisha, hakuna kisubi kilichoruka.

Shauri likasikilizwa. Saa nne mvua ilianza ndani ya boksi. Elius alisogeza mafaili yasilowe.

"Hiyo ni mvua ya shambani kwangu," alisema Scholastica.

Mjumbe mmoja alipiga simu bondeni, akaambiwa ndiyo, ni hiyo hiyo. Ikaandikwa: mvua kubwa, dakika ishirini. Lukas naye alitoa simu, akampigia msimamizi wake kule shambani. "Inanyesha huko. Tia mbolea kwenye miparachichi."

Elius alisoma uamuzi akiwa amesimama. Baraza limeridhika bila shaka yoyote kwamba udongo huu ni wa Scholastica. Kwa hiyo udongo wote uliopo mbele ya baraza urejeshwe kwake, pamoja na kobe. Sehemu nyingine ya shamba haikuletwa barazani, hivyo baraza halina la kusema juu yake. Muhuri ukagongwa.

"Hongera, bibi," Lukas alisema mlangoni. "Umeshinda."

"Nimeshinda, baba. Sasa nipishe, shamba langu linapita."

Dafroza alishika upande mmoja wa boksi, bibi upande mwingine. Wakalitua uani, na Dafroza akamweleza habari ya mchanga, kigae na beseni, jambo moja moja, bila haraka. Scholastica alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza kidole udongoni.

"Hapa itaingia mistari mingapi ya maharage?"

Dafroza alipima kwa shubiri.

"Miwili," alisema, "kobe akisogea."