Kikombe cha Mama Mkwe

Miaka miwili ilikuwa imepita mama mkwe wangu hajanywa chai nyumbani kwangu. Si kwamba haji. Anakuja, tena kila Jumapili, anakaa kiti kilekile karibu na dirisha, anauliza habari za kazi, anacheka na mwanawe mpaka machozi yanamtoka. Lakini nikileta chai anainua kiganja kidogo na kusema, "Nimeshakunywa, mwanangu." Amekunywa wapi, saa kumi jioni, mtu anayekaa peke yake? Mwanzoni niliongeza maziwa. Baadaye nikayapunguza. Nikabadilisha majani, nikabadilisha sufuria, ikabaki kidogo nibadilishe na mume.

"Unatafuta maneno," mume wangu aliniambia. "Mama hana neno na wewe."

Huyu ni mtu anayeweza kumkanyaga paka akadhani ni zulia, kwa hiyo sikumsikiliza. Mtu akikataa chai yako mara moja, ameshiba. Akiikataa miaka miwili, amekukataa wewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kila Jumapili nikiosha vikombe, kimoja kikiwa kikavu.

Kazi yangu ni kufundisha ufinyanzi kwenye kituo cha sanaa cha mtaani kwetu. Zamani jengo lilikuwa ghala la karatasi. Juu wanachora na kupiga magitaa, chini tuko sisi wa udongo, maana hakuna aliye tayari kuupandisha ngazi. Chumba changu kina meza mbili ndefu, sinki linaloziba kila baada ya wiki mbili, rafu zilizopinda katikati, na tanuri la umeme ninalolipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu. Ukutani niliandika kwa brashi, mwandiko wangu mwenyewe: Udongo uwahi ungali maji. Wageni husimama wakausoma, wakaniona mwenye busara.

Kila msimu tuna warsha ya Jumamosi tatu. Ya kwanza unafinyanga kikombe. Ya pili, kikiwa kimeshakauka na kuchomwa mara moja, unakipaka ile rangi ambayo motoni hugeuka kioo. Ya tatu ni siku ya wazi: tunafungua tanuri asubuhi, familia zinakuja, na chai inamiminwa. Sheria ni moja tu. Kila mshiriki anakunywa kwa kikombe alichofinyanga mwenyewe, kiwe kizuri kiwe kibaya. Sheria hiyo niliitunga mimi na huwa naisimamia kama askari wa mlangoni.

Jumamosi ya kwanza ya msimu huu nilikuwa nagawa aproni, mara akaingia mama mkwe, tayari amejifunga ya kwake.

"Shikamoo, Mama. Umemfuata nani huku?"

"Marahaba. Nimejiandikisha," akasema. "Au wakwe hawaruhusiwi?"

Fundi saa alimsogezea kiti. Huyu ni mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa ng'ambo ya barabara, huu ni msimu wake wa tatu, na bado hajafinyanga kikombe kinachosimama wima. "Karibu, mama," akamwambia. "Mwalimu wetu hachapi. Ananuna tu."

Nilicheka kwa nje. Kwa ndani nilikuwa najiuliza. Unamfundishaje mama mkwe? Mkwe ni mtu wa kuombwa radhi hata siku ambayo hujakosa. Mimi darasani nina ulimi mkali, nawaambia watu vikombe vyao vina ukurutu, nao wananilipa kwa kunitania. Sasa nilijiona nazunguka meza nikisema "vizuri sana" kwa kila mtu, mpaka fundi saa akaniuliza kama naumwa.

Na kwa kweli alikuwa anafanya vizuri. Alikanda unga wa mikate kiwandani miaka thelathini, na udongo ulimtii mara moja. Aliusukuma kwa kisigino cha kiganja, akaukunja, akausukuma tena, mikono imetulia tuli. Alifinyanga kikombe kinene, kizito, chenye kitako kipana. Nilijisemea moyoni kwamba mama anatengeneza kinu.

Ikafika zamu ya kishikio, nikatoa hotuba yangu ya kila msimu. Udongo husinyaa. Ukikauka unapungua, ukiingia motoni unapungua tena, na rangi nayo inakula nafasi iliyobaki. Kwa hiyo kishikio usijifinyangie wewe, mfinyangie jitu. Watu wakacheka, wakafanya vishikio vikubwa. Mama mkwe hakusikia hata neno. Alikuwa sinkini ananawa, bomba amelifungulia mpaka mwisho.

Aliporudi alichukua kipande cha udongo, akakizungushia vidole vyake viwili vya kulia, akakibana kikakaa sawasawa, akakigandisha ubavuni mwa kikombe kwa uji wa udongo. Nilikuwa nimesimama palepale. Niliona kabisa kwamba vidole vile vinene, kikombe kikitoka motoni, havitaingia.

"Mama, labda..."

"Labda nini, mwalimu?"

Alivyolitamka lile "mwalimu," nikageuza maneno.

"Labda tukikaushe kivulini, kisije kikapasuka."

"Sawa," akasema, akafuta meza.

Ningeweza kusema nilimheshimu mno, na watu wangenielewa. Lakini niseme ukweli. Kuna upande wangu mmoja ulifurahi. Ulisema, acha naye aone inavyokuwa mtu akijitahidi halafu kitu kikataliwe. Nilikwenda nyumbani na upande huo, tukala chakula cha jioni pamoja, wala haukuniuma.

Jumamosi ya pili alijaribu kishikio. Vidole viliingia kwa kubana kidogo. "Kinatosha," akasema, akaridhika. Nami nikanyamaza, huku nikijua kwamba kupungua kukubwa kuko kwenye moto wa pili. Kisha akaenda kuchukua bakuli la rangi ya buluu kwenye rafu ya mwisho.

Nilisikia bakuli likigonga rafu. Nilipogeuka, alikuwa amelishika kwa mikono miwili na mikono yote inatetemeka, rangi inaruka ukingoni, inadondokea viatu vyake. Fundi saa alitazama pembeni haraka na kuanza kumhadithia jirani yake habari za saa fulani ya ukutani. Alikuwa muungwana kuliko nilivyokuwa nikimhesabia. Nilimkimbilia mama nikampokea bakuli.

Tulisimama kule kwenye kona, mimi nikimfuta viatu kwa kitambaa, yeye akitazama ukuta.

"Sasa umeijua," alisema kwa sauti ndogo. "Hii ndiyo chai yako ya miaka miwili."

Nikainua uso.

"Unadhani sijui unavyoniangalia nikikataa? Naona. Lakini vikombe vyako ni vyembamba, vyepesi. Nikiinua kitu chepesi mikono inacheza. Nikikaza kitu kizito inatulia. Nililijua hilo kwenye unga. Ndiyo maana nimekuja hapa. Nataka kikombe kizito, chenye kitako, na kishikio cha kukazia vidole, ili siku ya wazi ninywe mbele ya mwanangu kama watu wengine."

"Na yeye hajui?"

"Akijua leo, kesho atanihamishia kwenu na vyombo vyangu viko kwenye gari. Namjua. Nilimzaa mimi. Nami nyumba yangu naipenda."

Sijui kama nimewahi kufurahi na kuumia kwa wakati mmoja namna ile. Miaka miwili nimebeba mzigo ambao haukuwepo. Hakunidharau, hakuidharau chai yangu, alikuwa anaitamani. Ningemkumbatia, ila mikono yangu ilikuwa imejaa rangi na roho yangu ilikuwa imeshaanza kunisuta. Kikombe chake kilikuwa pale mezani na kishikio chake kidogo. Kipya kingehitaji wiki mbili mpaka kikauke na kuchomwa mara mbili, na siku ya wazi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Udongo uwahi ungali maji, niliandika mwenyewe ukutani, na mimi nimeuangalia ukikauka.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilimsaidia kupaka buluu, tena nilimwambia ipakwe nyembamba kwenye kishikio, kana kwamba hilo lingeokoa kitu.

Wiki hiyo nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mume wangu aliuliza nina nini, nikamjibu sina kitu, akaamini.

Siku ya wazi mama mkwe alifika mapema kabla ya wote, amejipaka mafuta, amependeza. Tulifungua tanuri pamoja. Vikombe vilikuwa bado na joto. Chake kilikuwa kizuri kuliko vyote, sisemi kwa kujipendekeza. Buluu ilikuwa imetulia, ikachuruzika kidogo karibu na kitako na kuishia mahali pazuri. Alikipokea kwa kukikumbatia kifuani. Kisha akaingiza vidole.

Havikuingia. Akajaribu kimoja, nacho kikakwama kwenye ukucha. Akakizungusha kikombe, akajaribu mkono wa kushoto. Akakibana kwa viganja viwili bila kishikio, kikateleza kwenye ile rangi ya kioo. Halafu akanitazama.

"Uliona?"

"Niliona Jumamosi ya kwanza, Mama."

"Ukanyamaza."

"Nilikuogopa. Na nilikuwa na hasira. Nilidhani chai yangu inakuchefua."

Alikaa kwenye stuli, kikombe mapajani. Juu mtu alikuwa anakaza nyuzi za gitaa, moja moja. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Basi mimi nimeficha mikono, wewe umeficha mdomo," akasema mwishowe. "Angalia tulikofika."

"Chukua changu, Mama. Kiko kabatini, kina kishikio kikubwa."

"Sheria si yako? Usiivunje kwa ajili yangu, watakusema." Akakiweka kikombe mezani polepole. "Nitasema nimeshakunywa. Hilo nalijua vizuri."

Ningependelea anitukane.

Saa nne chumba kilijaa. Watoto wanashika wasichoambiwa washike, wake wanawacheka waume kwa vikombe vyao, fundi saa anamwonyesha mjukuu wake kikombe kilichoinama upande. "Hiki hakihitaji kuinuliwa," alikuwa akieleza. "Kinajimimina chenyewe." Mume wangu alikuja na shati lake la kutokea, akakaa ubavuni mwa mama yake, akakishika kile cha buluu na kukipapasa.

"Mama, hiki umefanya wewe? Kwa mikono yako?"

"Kwa miguu," mama yake akamjibu.

Nilizunguka na birika meza hadi meza. Nilipowafikia wao, mama mkwe alikwisha kuinua kiganja. Midomo ilikwisha kufunguka kwa yale maneno. Nilichuchumaa karibu na kiti chake, nikaweka birika sakafuni, na nikasema taratibu, asikie yeye peke yake:

"Mama, kile kishikio kinanitosha mimi. Vidole vyangu ni vyembamba. Mimi nitashika huku, wewe kaza viganja huku. Ukitaka. Usipotaka, naondoka na birika langu na hakuna aliyejua kitu."

Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa bado anageuzageuza kikombe akitafuta pa kusifia. Akatazama watu. Ilichukua muda, mpaka meza ya pili wakaanza kuniita niwaletee chai. Kisha akakichukua kikombe mikononi mwa mwanawe, akakiweka mbele yangu.

Nikamimina nusu. Nikaingiza kidole kwenye kishikio, kikapita bila tabu. Yeye akaweka viganja viwili ubavuni, na mtetemo wake ukanifikia kidoleni, mkali kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameubeba huu wote peke yake. Akakaza. Nikakaza. Ukapungua, ukapungua tena, tukainua.

Akanywa.

"Mama," mume wangu akasema. Safari hii alikuwa ameona. "Mikono yako imefanya nini?"

"Inatetemeka. Huu mwaka wa pili." Alisema bila kugeuka, mdomo bado karibu na kikombe. "Utanipeleka kwa daktari, halafu utanirudisha kwangu. Kwangu, umesikia?"

Mume wangu alinitazama, akamtazama mama yake, na macho yake yakajaa. Alifungua mdomo kubishana. Nilimjua, na mama yake alimjua zaidi. Alikuwa anamtazama sasa juu ya ukingo wa kikombe.

"Nimesikia, Mama," akasema.

Tukainua tena. Alikunywa taratibu, kwa mafundo madogo, mpaka chai ikaisha, na sisi wawili tumeinamiana pale mbele ya darasa langu lote kama watu wanaonong'onezana. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Tulipokishusha kikombe alilamba midomo, akafikiri.

"Majani mengi," akasema. "Sukari umeionea huruma."

Miaka miwili nilikuwa nangoja mtu huyu ailalamikie chai yangu.

"Niongeze," akasema, na hakuondoa viganja vyake, nami sikutoa kidole changu, ikabidi mume wangu ainame achukue birika, atumiminie yeye.