Koti la Mama Kwenye Usukani

Kra, kra. Sauti ya mkasi unaokata kitu kinene ndiyo iliyoniamsha, kabla birika la kahawa halijaanza kuimba jikoni. Nikafungua mlango. Mama mkwe wangu, Saimi, alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni, na mapajani mwake lilikuwa limelala koti la mama yangu. Upande wote wa chini ulikuwa umeshakatwa, uko sakafuni kama kondoo mchanga aliyejikunja.

Sikulia. Niliketi tu kwenye benchi.

Koti lile la ngozi ya kondoo, manyoya ndani, mama alilivaa siku tulipohama kwetu Karelia, mkoa wa mpakani, wakati wa vita. Alinikumbatia ndani yake juu ya mkokoteni, theluji ikituangukia, nami nikalala usingizi mzito. Vita vilipoisha mpaka ulikuwa umesogezwa, kwetu kukabaki ng'ambo yake, mikononi mwa adui. Mama alipofariki hakuniachia kitu kingine. Nilipoolewa hapa mjini Oulu nilikuja nalo, na majira yale ya baridi, mume wangu Veikko akiwa msituni kukata magogo, nikapata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Kila asubuhi nikalivaa kwenye baiskeli.

Safari yenyewe ilikuwa fupi: unashuka barabara yetu, unavuka daraja, umefika. Lakini mimi nilifika nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kwenye mvuke wa sauna. Wenzangu wakanitania, "Pisheni, dubu kaja na baiskeli." Nilicheka nao. Kisha jasho likanipoa mgongoni, na kikohozi kikaanza.

Msimamizi wetu, Bi Rautio, hakuwa mtu mbaya. Alinivuta pembeni ili wengine wasisikie, akaniambia hawezi kumweka kwenye unga mtu anayekohoa. Kama hali haitabadilika hadi Jumamosi, atatafuta mwingine. Kazi ile niliipenda. Nilipenda joto la mkate mweusi mikononi, na zaidi nilipenda kuitwa Irja tu, mahali ambapo hakuna aliyeniita mkimbizi.

Saimi alikuwa ameshaniambia niliache lile koti. Mwenye safari fupi, alisema, atoke mlangoni akisikia baridi kidogo, joto atalikuta njiani. Nilimkatalia kila mara. Nilidhani anamwonea wivu marehemu.

"Mama, umefanya nini?" nilimuuliza asubuhi ile.

Hakuinua macho. "Ningekuuliza, ungekataa. Na ungeshakataa, mkono wangu usingeweza kukata."

Akaokota kile kipande cha sakafuni, akashona hadi kahawa ikaiva, ndipo nikaona alichokuwa akitengeneza. Kutokana na lile pindo alikuwa ametengeneza mifuko miwili mikubwa, manyoya ndani, ya kuvikwa kwenye usukani wa baiskeli ili mtu aingize mikono humo. Alikuwa amekata sehemu iliyochakaa tu. Kola, mikono ya koti na mfuko wa ndani, uliokuwa bado na harufu ya mama, hakuvigusa.

"Mgongo unajipasha wenyewe," alisema. "Kinachoganda ni mikono. Mwache mama yako akushike mikono."

Akanivika fulana ya sufu, akanitandazia gazeti kuukuu kifuani, juu yake koti jepesi la Veikko lisilopitisha upepo. Viatu navyo vilikuwa vya Veikko, vipana, ili vidole vicheze ndani ya soksi mbili. Akafungua mlango.

"Unasikia baridi?"

"Nasikia."

"Basi nenda."

Darajani upepo ulinikata mashavu, lakini mikono yangu ilikuwa kama imelala kitandani. Jioni niliporudi, Saimi alinisogelea mlangoni. Aliingiza kiganja chake chini ya kola yangu, akapapasa shingo na mgongo. "Mkavu," alisema, akanimiminia kahawa. Jumamosi ilipofika, Bi Rautio alinisikiliza nikipumua, kisha akanifunga aproni yeye mwenyewe kwa nyuma.

Tangu siku hiyo, kila jioni ya baridi, kile kiganja kilikuwa kinanisubiri. Veikko alirudi, watoto wakazaliwa, nao wakapapaswa shingo vivyo hivyo. Koti lililobaki, fupi la kunifika kiunoni, ninalo mpaka leo. Ni la kuvaa nikiketi dirishani na wajukuu.

Saimi alipozeeka sana alihamia nyumba ya wazee, ng'ambo ya daraja lile lile. Majina yalikuwa yamemtoka. Nilimwendea kwa baiskeli, mifuko ile bado iko kwenye usukani, manyoya yameisha kama nywele kichwani mwa mzee. Siku moja ya theluji alinitazama muda mrefu, akaniita nesi, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nikaketi kando ya kitanda, nikainama kumwekea mto vizuri.

Kiganja chake kikapanda taratibu, kikaingia chini ya kola yangu, kikatulia shingoni.

"Mkavu," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuomba mno: "Kesho uje tena, mwanangu."