Sikumtemea Mtu Mate

Haki ya Mungu nimechoka. Jumamosi hapa Voi sokoni, mama mmoja nisiyemjua hata jina ananyoosha leso kwenye meza yangu, ananitazama, anamdukua mwenzake kwa kiwiko, kisha ananong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni: "Ndiye huyu. Ndiye alifukuzwa Ulaya kwa kumtemea mzungu mate." Halafu, bila haya, ananiuliza bei! Nikamnyang'anya leso, nikaikunja. "Mama," nikamwambia, "nenda ukanunue Mwatate. Na ukifika huko uwatangazie kwamba Wakio binti Mwandawiro hakumtemea mtu mate."

Akaenda zake akicheka. Basi leo nasema yote, na nikimaliza mtu asinitajie tena habari hiyo.

Sisi Wadawida, Wataita wa milimani, tuna jambo letu linaitwa kutasa. Kwetu hasira si mchezo. Mtu wa karibu akikukasirikia, akanyamaza, akaiweka moyoni, hiyo hasira yaweza kukulaza kitandani, hata kama mwenyewe hakutaka uumie. Hakuna wa kuiondoa ila yeye aliyeibeba. Anachukua maji, anapiga funda, anayapuliza nje kama manyunyu, anasema maneno mema: kama nina kinyongo na huyu, kitoke, apone, alale usingizi. Maji yakitoka, hasira imetoka. Ukiyameza, umebaki nayo. Ni hivyo tu. Mate ni ya kumdharau mtu. Haya ni maji, na ni ya kumwombea mema. Kuna ugumu gani hapo?

Baba yangu, Mzee Mwandawiro, alikuwa mzee wa kanisa kule Chawia, na bado ni mzee wa kanisa. Kanisani kutasa kulihesabiwa mambo ya giza, na Baba alikuwa wa kwanza kuitikia amina padri akikemea. Lakini nisikilizeni vizuri. Mwaka wa sitini na nane nilipata nafasi ya kusomea unesi Uingereza. Mmishonari mmoja ndiye aliyenitafutia, na kanisa likasimama nami. Baba hakutaka. Alitaka nafasi ile apewe kaka yangu Reuben, kana kwamba Reuben angevaa gauni la nesi! Tukagombana mpaka ikawa hatusemezani, tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Siku ya safari alinisindikiza mpaka stesheni ya Voi bila neno. Kabla treni ya Nairobi haijaingia, akaenda bombani, akarudi na kikombe cha bati, akanivuta nyuma ya banda la mizigo. Akaangalia huku, akaangalia huku. Akapiga funda, akapuliza, matone yakaangukia viatu vyangu vipya. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa na hasira nawe. Sina tena. Nenda ukasome." Nikalia. Akanishika bega. "Na wewe huko uendako, usikae na hasira juu ya mtu mnayelala naye nyumba moja. Itoe. Fanya kama nilivyofanya."

Maneno ni yake. Sikuyaota.

Huko Uingereza chuo kilinipangisha kwa wazee wawili, Alice na mumewe Donald, kwenye mji wa kaskazini wenye moshi na mvua isiyokwisha. Nyumba zimebanana, zote rangi moja; wiki za kwanza nilibisha mlango wa jirani mara nyingi kuliko wangu. Asubuhi naenda darasani, mchana wodini, jioni narudi kula viazi. Viazi jana, viazi leo, viazi kesho. Nikiota, naota kunde za mama.

Alice alinipa kikombe changu. Alikitia rangi nyekundu kwenye mkono wa kushikia, kisichanganyike na vyao. Kila mtu alikuwa anasafisha vyombo kwa maji yaleyale, karai lilelile, lakini kikombe changu kilikaa peke yake dirishani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili yangu, ili nijisikie nina kitu changu. Ebo! Mimi nilitoka kwetu nina vitu vyangu.

Donald nilimpenda, sitasema uongo. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, na nilipomwambia natoka Voi, treni za Mombasa na Taveta zinakokutana, macho yakamng'aa. Aliniuliza habari za injini, maji ya injini yanatoka wapi, mlima uko wapi. Siku moja akatupeleka kwa treni kuona bahari. Alice akabeba mikate. Tukakaa ufukweni tumevaa makoti, tumejifunika blanketi, upepo unatupiga mchanga machoni, na wao wanasema siku nzuri kweli. Nilicheka mpaka nikasahau baridi. Siku ile nilimwona Donald kama baba.

Ndiyo maana aliniumiza. Alice alialika marafiki zake chai, akaniita sebuleni. Anataka niwaonyeshe jinsi tunavyobeba maji kichwani. Nikamwambia kwa adabu, "Sisi hatubebi kichwani. Kwetu ni milima. Tunabeba mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso. Ukiweka mtungi kichwani utaufuata bondeni." Akasema, "Hata hivyo, mpenzi, tuonyeshe kichwani tu." Akaniwekea sufuria kichwani, sufuria ya viazi! Akaniambia nitembee. Wakapiga makofi. Na Donald, Donald niliyemweleza milima yetu yote, alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Damu ilinipanda. Nikavua sufuria, nikapanda chumbani. Wiki zikapita, naamkia wote wawili kwa tabasamu la uongo, na ndani nachemka.

Baridi ilipokolea, Donald akaanguka. Kifua, homa, daktari anakuja na kuondoka akitikisa kichwa. Alice akakonda kwa wasiwasi. Na mimi nikaogopa. Mcheke mkitaka! Nilikuwa najua nimonia ni nini, nilikuwa nasomeshwa hayo kila siku, na nilihakikisha anakunywa dawa zake. Lakini nilijua pia nimelala nyumba moja na mzee huyu nikiwa na kinyongo naye, na Baba alikuwa ameniambia la kufanya.

Mchana mmoja nikaingia chumbani kwake na kikombe changu, kile chenye mkono mwekundu. Nikamweleza. Nikasema, "Donald, ulinicheka, na nilikasirika sana. Nataka kuitoa hasira hiyo, upone." Akanitazama kwa macho ya homa, akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono. Nikapiga funda, nikageukia upande wa dirisha, nikapuliza. Nikasema maneno yangu kwa Kidawida, kwa moyo wote. Ile hasira ilikuwa haki yangu, jamani. Ilikuwa halali yangu, na niliimwaga bure kwa ajili yake.

Nikageuka. Alice amesimama mlangoni na sinia.

Kelele zake zilisikika mpaka nyumba ya mwisho mtaani. Ati nimemtemea mgonjwa mate! Ati uchawi! Kikombe changu alikichukua kwa kitambaa, akakitupa pipani. Kesho yake nikaitwa kwa mkuu wa manesi wa chuo. Mama yule hakunifokea, alikuwa mpole wa kuudhi. "Omba msamaha kwa kumtemea mgonjwa mate," akasema, "na utaendelea na masomo. Ukikataa, utarudi kwenu."

Nikamwambia nitaomba msamaha kwa kuingia chumbani bila kumwuliza mwenye nyumba. Kwa mate, ng'o. Sikutema. Akasema basi tumwulize mgonjwa mwenyewe. Nikafurahi! Donald alikuwa ameshaanza kupona, anakaa kitandani anakunywa supu. Tukasimama mbele yake, mkuu wa manesi, Alice na mimi. "Donald," nikasema, "nilikueleza. Ulinishika mkono. Waambie." Donald akamtazama mkewe, akaitazama supu yake. Akasema hakumbuki, alikuwa na homa.

Siku niliyoondoka alijikokota mpaka kwenye lango la nyumba na fimbo, akanipungia mkono. Sikumpungia.

Nilirudi nyumbani nikijua jambo moja tu: nikimfikia Baba, mambo yatakwisha. Baba atasimama. Baba anajua kutasa ni nini, yeye ndiye aliyenifunza. Habari zilikuwa zimenitangulia kupitia kwa yule mmishonari, lakini niliwaza, waseme watakavyosema, Baba atawanyamazisha kwa sentensi moja.

Jumapili ya kwanza Chawia nikakaa kiti cha nyuma. Padri akauliza mbele ya watu kama wazee wana neno juu ya aibu iliyolipata kanisa. Baba akainuka. Nikafurahi, mpumbavu mimi! Akasema, "Ndugu zangu, ushenzi huo sijui binti huyu aliutoa wapi. Nyumbani kwangu haujaingia kamwe." Nikamkazia macho. Akatazama paa.

Ndivyo ilivyokwisha. Chuo gani cha hapa kingenichukua na jina lile? Nikashuka Voi, nikaanza kuuza leso na vitambaa, na hapa nimezeeka. Manesi wa hospitali wananunua kwangu, wasichana niliowazidi alama darasani, wananiita "Mama Leso". Na Baba, miaka yote hii, tukikutana msibani ananisalimu kama mgeni aliyekuja na padri.

Sasa jana, Reuben alikuja sokoni. Reuben hana neno baya, maskini, ila hana pia neno zuri. Yeye ni wa kubeba ujumbe tu. "Dada," akasema, "mzee yuko kwangu tangu atoke hospitali. Amevimba miguu, halali, dawa hazimkai. Anakuita wewe."

"Ananiitia nini?"

Reuben akainamisha kichwa. "Anasema una hasira naye. Anataka umtasie."

Nilikaa chini juu ya vitambaa vyangu. Yule yule! Aliyesimama kanisani! Leo mwili umemshinda, ndio amekumbuka kutasa kunatoka wapi!

Nikafunga meza, nikaenda. Si mnaniona? Nina hasira, lakini si mtu wa kumwacha baba yake afe. Nyumba ya Reuben iko hapo upande wa juu wa reli. Sebuleni nilimkuta padri na Mama Tryphena na akina mama wengine wa kanisa, wamekuja kumwombea mzee, wanaimba. Nikapita, nikaingia chumbani. Baba amekuwa mdogo kitandani. Kwenye kistuli kando yake ameshawekewa maji, kikombe cha bati.

"Wakio," akasema. "Funga mlango."

"Kwa nini nifunge?"

"Padri yuko hapo nje."

"Namwona." Nikavuta kiti, nikakaa. "Baba, nitakutasia. Nimekuja kwa hilo, na nitalifanya kwa moyo mweupe. Lakini mlango utakuwa wazi, na utasema wakusikie wote: mimi ndiye niliyemfundisha Wakio. Basi. Sitaki neno lingine, sitaki uombe msamaha."

Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, maana huyu ni baba yangu na nilikuwa sijamtazama kwa karibu hivi tangu stesheni. "Nitasema," akasema. "Mwanangu, nitasema. Chukua maji."

Nikafungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta. Sebuleni wimbo ukakatika, wakageuka wote kutazama. Nikachukua kikombe, nikapiga funda, mashavu yakajaa. Hasira yangu yote nikaiona iko pale kinywani pamoja na maji, tayari kutoka, sufuria ya viazi, supu ya Donald, paa la kanisa, vyote. Nikamgeukia Baba nimngoje aseme.

Padri akasogea mlangoni. "Mzee Mwandawiro," akauliza, "kuna nini hapa? Binti anafanya nini?"

Baba akanitazama. Akamtazama padri. Akawatazama akina mama nyuma yake, na Mama Tryphena amenyoosha shingo.

"Ah," akasema, "si kitu, padri. Jino linamuuma. Anasukutua tu."

Nikameza.

Baba aliliona koo langu likishuka. Padri akasema tufumbe macho tuombe, na wote wakafumba, isipokuwa Baba na mimi.