Glavu Juu ya Feni

Feni ya meko ya Elwood, ile ya kusukuma joto sebuleni, ilikata roho Alhamisi, katikati ya baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini. Kuni ziliteketea, lakini joto lote lilipanda bomba la moshi kwenda kupasha mawingu ya Maine. Dukani wakamtajia feni mpya dola mia nne! Mkewe, Claudette, naye akatoa lake: "Jumamosi jioni sebule ikiwa bado jokofu, nakwenda Florida kwa dada yangu. Wewe baki uoane na blanketi."

Jumamosi asubuhi Elwood akakimbilia jalala la mji, kwenye kibanda ambamo watu huacha vitu vizima, mwenye haja akachukua bure. Na hapo, kati ya vibaniko vya mkate na viti vilivyovunjika mguu, akaiona: feni ya meko, waya mzima! Akaipima kwa kamba. Sawasawa kabisa! Nusura aruke.

Lakini juu yake ilikaa glavu. Mji ule, glavu ikiwa juu ya kitu, kitu kina mwenyewe, na hata mwizi huiheshimu.

Mwenyewe ni Roscoe, jirani yake, aliyekuwa nje akipakia mbao garini, mkono mmoja mtupu.

"Roscoe! Feni ya nini, na nyumba yako haina meko?"

"Ya kukaushia viatu. Wivu wa nini, mzee?"

Elwood hakubisha. Akaegemea gari, akaanza kumsimulia kisa cha kulungu aliyeingia jikoni mwake akaomba kahawa. Akaivuta hadithi, akairefusha. Mkono mtupu wa Roscoe ukawa mwekundu, kisha zambarau.

"Halafu?"

"Tulia, hata sukari hajatia."

Roscoe akashindwa. Akatimka kibandani, akanyakua glavu, akaivaa. "Ahhh!"

Papo hapo Elwood, aliyemfuata nyuma, akaikumbatia feni.

"We! Hiyo yangu!"

"Ilikuwa. Glavu iko wapi?"

Roscoe akautazama mkono wake. Watu waliokuwa wakichakura kibandani wakaangua kicheko.

"Jambazi wa mchana! Haya, kulungu alikunywa?"

"Alisema imepoa."

Saa kumi jioni Elwood akakaza skrubu ya mwisho, akawasha. Feni ikanguruma, joto likamwagika sebuleni, paka akasombwa mpaka mlangoni. Claudette akanyoosha miguu mbele ya meko. Akavua koti. Akavua sweta.

"Elwood, mpigie dada yangu. Mwambie siji."

"Si umpigie mwenyewe?"

"Simu iko mbali. Hapa sibanduki."