Aliyefunga Ndiye Afungue

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ni wazi kwamba wahenga hao hawakuwahi kufuga farasi. Kwenye mguu wa farasi mambo ni kinyume. Ukiziba ufa, ndipo utajenga ukuta. Utaujenga kwa usaha, tofali juu ya tofali, kutoka kwenye kwato kwenda juu, na siku utakapobomoka utawaangukia watu wote wa nyumba.

Jumatano ile ukuta wa Mkwe ulikuwa unakaribia goti.

Mkwe alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, aliyekokota gari la magunia ya unga kutoka kinuni hadi madukani kwa miaka kumi na mmoja. Aliitwa Mkwe kwa sababu hakuna aliyemkaribia bila adabu. Ukija na kelele, anakugeuzia matako. Ukija mikono mitupu, anakuangalia juu mpaka chini kama anayejiuliza ulilelewa na nani. Leo hakumwangalia mtu. Alisimama kwenye pembe ya banda kwa miguu mitatu, kichwa kimeinama, na mguu wa nyuma wa kushoto ameuning'iniza kama mtu anayeogopa kukanyaga maji ya moto.

Chini yake alichuchumaa msichana mwenye kipimajoto mkononi. Alikuwa binti wa mdogo wake mwenye farasi, amemaliza chuo mwaka uliopita na stashahada ya afya ya mifugo, na siku za kazi alikuwa msaidizi katika zahanati ya wanyama. Nyumbani walimwita Nusu Daktari. Jina hilo lilitungwa na baba yake mkubwa siku ile ile alipoonyeshwa cheti.

"Daktari kamili husoma miaka mitano," alisema. "Wewe umesoma miwili na nusu. Hesabu haina upendeleo."

"Nusu daktari ni bora kuliko mbishi mzima," msichana alijibu, na tangu hapo akalivaa jina hilo kama kofia nzuri.

Sasa aliinua kipimajoto kwenye mwanga wa mlango. "Thelathini na tisa nukta nane. Baba mkubwa, hii ni homa. Na siyo ya kuchezea."

Baba mkubwa alisimama mlangoni, mrefu, viganja vyake vigumu kama soli ya kiatu. "Kidonda kimefunga," alisema. "Nimekiona kwa macho yangu siku ya tano. Kimefunga kabisa. Kilichobaki ni uvimbe wa uzee."

"Kimefunga, sikatai. Lakini hakijapona. Kimefunga mlango, na mwizi yuko ndani."

"Huko chuoni ndiko wanakofundisha mafumbo?"

"Mafumbo nimejifunza kwako. Chuoni nimejifunza usaha."

Kule bombani, mama mkubwa aliyekuwa akisugua sufuria alicheka mpaka sufuria ikamponyoka.

Kidonda chenyewe kilianza siku kumi na mbili nyuma, wakati Nusu Daktari yuko kazini mbali kwa chanjo ya ng'ombe. Mkwe alirudi kutoka kinuni akiwa na tundu dogo juu ya kifundo cha mguu, lisilozidi tundu la kifungo cha shati. Baba mkubwa aliliosha kwa maji, akalipaka mchanganyiko wake wa grisi na majivu mpaka likazibika kabisa, akalifunga kwa kitambaa, akakaza kwa fundo lake. Siku ya tano alifungua, akaona gamba jeusi, gumu, kavu. Akawaita watu wote waje waone. Kisha akafunga tena, kwa usalama zaidi.

Na fundo hilo lilikuwa na sheria yake. Juu ya mlango wa banda, kwa chaki iliyokuwa ikifutika na kuandikwa upya kila mwaka, palikuwa na maneno matatu: ALIYEFUNGA NDIYE AFUNGUE. Zamani kibarua mmoja alilegeza mkanda ambao hakuufunga yeye, gari likashuka mteremko peke yake na magunia ishirini, likaenda kupumzika ndani ya duka la kinyozi. Tangu siku hiyo, aliyefunga hatamu ndiye aliyeifungua. Aliyefunga gari, yeye. Aliyefunga bendeji, yeye. Nusu Daktari alikulia chini ya chaki hiyo. Alipokuwa na miaka sita alilala na viatu vyake miguuni kwa sababu mama mkubwa ndiye aliyemfunga kamba, na mama mkubwa alikuwa amekwenda msibani.

"Basi kifungue wewe," alisema sasa. "Fungua, tuangalie tu."

 Mzee alisogea, akaweka kiganja kwenye shingo ya Mkwe, akakiacha hapo.

"Farasi wangu wa kwanza nilimwachia kidonda wazi," alisema. "Daktari wa wakati huo aliniambia kiache kipate hewa. Kikapata hewa, kikapata na nzi. Siku ya tisa nilikuwa nachimba shimo." Akavuta pumzi. "Sifungui. Nimeshaongea na mwenye lori la machinjio. Kesho saa mbili asubuhi anakuja. Nakwenda kumwonyesha njia ya kuingilia, maana geti la mbele halipitishi lori. Simwachi Mkwe aoze akiwa amesimama. Na fundo langu lisiguswe. Aondoke na heshima yake."

Akachukua kofia yake msumarini, akatoka. Msichana alimwona akipita ukutani, akijipangusa uso kwa kofia hiyo hiyo kana kwamba ni jasho.

Alimpigia simu daktari wa zahanati. Daktari alikuwa kwenye zizi la watu, mkono mmoja ndani ya ng'ombe anayezaa, simu imeshikwa sikioni na mwenye ng'ombe.

"Kiungo chenyewe kimevimba, au ni juu yake?" daktari aliuliza.

"Siwezi kujua mpaka nifungue."

"Sasa unaniuliza kuhusu mguu au kuhusu mzee?"

"Kuhusu mzee."

"Huyo hayumo kwenye vitabu vyangu. Usaha ukifika kwenye kiungo, hata mimi nitakuja kuaga tu. Fungua kabla haujafika. Jioni nitapita na sindano."

Nusu Daktari alitia simu mfukoni. Alichemsha maji, akatia chumvi kwa kipimo, akayaacha yapoe. Akapanga juu ya gunia safi pamba, iodini, mkasi, kibano, wembe mpya na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Kisha akaita.

"Mama mkubwa, njoo unishikie kichwa."

"Kipi? Chako au cha farasi? Maana leo vyote viwili viko hatarini."

Lakini alikuja, akafuta mikono kwenye khanga, akamshika Mkwe hatamu na kuanza kumsimulia umbea wa mtaa mzima, taratibu, sikioni.

Msichana alijaribu kwanza kulifungua fundo kwa vidole. Lilikuwa limelowa, likakauka, likalowa tena, limekuwa jiwe. Akasimama akalitazama. Juu ya kichwa chake chaki ilikuwa inasomeka vizuri kabisa, herufi moja moja.

Akachukua mkasi, akalikata.

Harufu ilitoka kabla ya kitambaa kuanguka. Mama mkubwa alinyamaza katikati ya umbea, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mguu ulikuwa umenenepa kama mguu wa meza, ngozi inang'aa, inaunguza kiganja. Msichana alinyoa manyoya kuzunguka gamba, akaosha kwa sabuni na iodini, akaliwekea kitambaa cha maji ya chumvi ya uvuguvugu na kungoja. Alibonyeza kiungo chini ya uvimbe, akakikunja polepole. Mkwe hakurusha teke. "Asante," alimwambia farasi, kwa sauti ndogo. Mwizi hajafika chumba cha ndani.

Gamba lilipolainika aliliinua kwa ncha ya kibano. Halikuhitaji hata wembe. Usaha ulichuruzika wenyewe, wa njano, kisha wenye damu, ukashuka kwenye kwato na kuenea sakafuni. Mkwe alitoa pumzi ndefu iliyotoka mbali, kama mtu anayevua kiatu kilichombana tangu asubuhi.

"Hata mimi nimesikia nafuu," alisema mama mkubwa.

Msichana alivuta maji ya chumvi kwenye bomba, akayasukuma ndani ya tundu. Yalitoka machafu. Akarudia. Aliacha kuhesabu baada ya mara thelathini. Maji yalipoanza kutoka safi, kitu kilichungulia. Akakishika kwa kibano, akakivuta. Kilikuwa kibanzi cha mbao, urefu wa njiti ya kiberiti, chenye rangi ya buluu upande mmoja.

Baba mkubwa alirudi akakuta banda linanuka iodini. Kitambaa chake kilikuwa sakafuni, na fundo lake juu ya kitambaa, limekatwa katikati.

"Nani?" aliuliza, ingawa mkasi ulikuwa bado mkononi mwa mtu.

"Mimi."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia lisiguswe."

"Na pale mlangoni pameandikwa nini? Au na kusoma nako umesoma nusu?"

Mama mkubwa alifungua mdomo. Mzee akainua kidole, mdomo ukafungwa.  Nusu Daktari alinyoosha kiganja, akamwonyesha kibanzi. Mzee alikichukua, akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza. Buluu ile ilikuwa moja tu mjini kote. Alikuwa ameichanganya mwenyewe, makopo mawili ya rangi, na kupaka gari lake lote, pamoja na ubavu wa nyuma ambao tangu mwaka jana ulikuwa umepasuka, na yeye akisema atauziba kesho.

Alikitia mfukoni mwa shati, akatoka.

Jioni daktari alifika na sindano, moja ya kuua vijidudu na nyingine ya kuzuia pepopunda. Alibonyeza, akanusa, akasema tundu liachwe wazi chini ya bendeji safi, mguu umwagiwe maji baridi dakika ishirini asubuhi na jioni, na mguu wa pili ufungwe pia maana ndio unaobeba mzigo wa mwenzake. Baba mkubwa alisikiliza akiwa amesimama nje ya mlango, kama mgeni. Kuhusu lori hakusema lolote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Asubuhi Nusu Daktari alitoka na mpira wa maji saa moja na nusu. Alimkuta mzee amemtangulia. Ndoo imejaa, pamba ipo, mkasi upo. Bendeji haijaguswa.

"Nimekungoja," alisema baba mkubwa, akiangalia ukuta. "Wewe ndiye uliyefunga. Njoo ufungue."

Alifungua. Uvimbe ulikuwa umeshuka vidole viwili chini ya pale alipouwekea alama ya kalamu jana. Alipomwaga maji, Mkwe alicheza masikio, akateremsha mguu, akagusa sakafu kwa ncha ya kwato. Akaunyanyua. Akagusa tena. Akauacha.

Honi ililia uani.

Mzee alivaa kofia, akatoka. Sauti yake ilisikika mpaka ndani: "Rudi, ndugu yangu. Hapa hakuna mzigo."

"Si ulisema leo saa mbili?"

"Nilisema. Na saa mbili ndiyo nakuambia rudi."

Siku zilizofuata alishika kazi ya saa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, saa mkononi, akihesabu zile dakika ishirini kwa sauti kama mwamuzi wa mpira, na Nusu Daktari akifunga mpira wa maji kabla ya wakati hata kwa nukta, anapigiwa filimbi ya mdomo. Nzi walipoanza kuzunguka, ni yeye aliyeshona chandarua cha mlangoni, kwa mishono mikubwa ya magunia, na kila siku alikikagua kama askari. Tundu lilijijaza lenyewe kutoka ndani kuja nje, kama kisima kinavyojaa. Ubavu wa gari ulipata ubao mpya. Siku ya kumi na saba tangu fundo likatwe, Mkwe alizunguka uwanja bila kuchechemea, akasimama mbele ya mama mkubwa, akamkagua juu mpaka chini.

"Amepona," mama mkubwa alisema. "Ameanza dharau."

Walikuwa wamekaa nje ya banda wote watatu, chai mkononi. Baba mkubwa alitoa kibanzi mfukoni, akakichezea kati ya vidole.

"Nusu Daktari," alisema. "Mguu umepona, na ni mkono wako uliouponya. Nitalisema hilo hata kinuni mbele ya watu. Lakini fundo langu ulilikata nyuma ya mgongo wangu. Mimi ni baba yako. Omba radhi tu, neno moja, yaishe."

"Mwambie, mwanangu," mama mkubwa alinong'ona. "Neno halivunji mfupa."

Nusu Daktari alimtazama mzee huyu aliyemfundisha kutembea kwa kumshikisha mkia wa farasi. Neno lenyewe lilikuwa dogo, jepesi, na lilikuwa pale pale ulimini. Lakini aliijua mikono yake. Akilisema leo, kuna siku mbele yake kutakuwa na fundo jingine na mnyama mwingine mwenye homa, na mkono ulioshika mkasi utasita kidogo tu, ukikumbuka radhi hii. Na kule kusita ndiko kunakoua.

Aliweka kikombe chini.

"Baba mkubwa, chaki ile nitaiandika upya mwenyewe mwakani, kwa mwandiko mzuri. Viatu vyangu ukinifunga wewe, nitalala navyo. Lakini fundo lile ukilifunga tena juu ya usaha, nitalikata tena, uwepo usiwepo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siombi radhi."